Mtondo, overmorrow na maneno mengine yaliyojificha

Kiingereza kiliwahi kuwa na neno moja la kesho kutwa: overmorrow. Lilikuwa hai katika karne ya 16, likafifia, na leo Mwingereza hutumia maneno manne kuitaja siku hiyo. Sisi tunayo kesho kutwa, tena baada yake tuna mtondo, siku ya tatu kutoka leo, na mtondogoo, ya nne. Hayo mawili nayo yanazidi kuwa nadra midomoni.

Neno adimu la Kiingereza hunoga zaidi likiketishwa kando ya la kwetu. Anayepakua orodha ya maneno mia kutoka intaneti huyasahau kwa sababu hayana pa kushika. Anza na kitu unachokiona kwa macho, kisha ulitafute jina lake.

Hapa Amu, yaani Lamu, kitu hicho ni chombo. Nenda kijiji cha Matondoni fundi akiwa anatia kalafati, pamba yenye mafuta inasukumizwa baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Mabaharia wa Kiingereza walitumia oakum, nyuzi za kamba kuukuu zilizochambuliwa na kutiwa lami. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha kilichotoka kwenye kitana, yaani masalio ya kuchana katani. Ubao wa kwanza kabisa kando ya mkuku, mti mrefu wa chini unaobeba chombo, pande zote mbili, huitwa garboard. Ngama, kule chini yanakokusanyika maji machafu, ni bilge. Aliyekulia na methali ya "tezi na omo, marejeo ni ngamani" ana maneno matatu ya chombo ndani ya sentensi moja, nyuma, mbele na chini, na akikutana na stern, bow na bilge hahitaji picha.

Raha kubwa iko kwenye maneno ya Kiingereza ambayo ni ndugu zetu wa damu. Kamusi nene za Kiingereza zina nakhoda na serang. Ni nahodha na serahangi, mkuu wa mabaharia. Yote yametoka Kiajemi, yakasambaa na vyombo katika Bahari ya Hindi, na Waingereza wakayapokea kwa mabaharia wa huko. Mwaka 1886 ilichapishwa Hobson-Jobson ya Henry Yule na A. C. Burnell, kamusi iliyojaa maneno ya namna hii, na msomaji wa pwani huipitia kama anayesalimiana na jamaa. Msimu na monsoon nayo yana babu mmoja, mawsim ya Kiarabu, ila la Kiingereza lilipitia kwa Wareno kwanza. Mtu wa London huyaona maneno haya mageni sana. Mtu wa Amu amewahi kumwita jirani yake nahodha.

Sasa matamshi, maana hapo ndipo wengi huaibika. Maneno ya bahari ya Kiingereza yamelika kwa kutumika. Boatswain, yule serahangi, hutamkwa kama "bosan", forecastle, sehemu ya mbele ya chombo, "foksal", gunwale, ukingo wa juu wa ubavu, "ganal", na leeward, upande upepo unakoelekea, mabaharia husema "luad". Usiyasome kwa herufi. Kosa la pili linatokana na ulimi wetu wenyewe: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hulihamishia zoea hilo kwenye Kiingereza. Petrichor, harufu ya ardhi kavu inaponyeshewa, hukazwa mwanzo, PET. Neno hilo liliundwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kutokana na maneno ya Kigiriki ya jiwe na damu ya miungu. Mvua za mwaka zikianza kupiga vichochoro vyetu, ndilo hilo.

Kabla ya kulipenda neno, lihakiki. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ilitoka na neno dord, eti maana yake ni uzito wa kitu kulingana na ujazo wake. Halikuwahi kuwa neno. Mtu alisoma vibaya kadi iliyosema "D or d", vifupisho vya density, na kosa likaja kugunduliwa mwaka 1939, mhariri alipoona halina asili yoyote. Ikiwa kamusi iliteleza, je, orodha za mitandaoni? Kanuni nzuri ni hii: tafuta sentensi tatu, za waandishi watatu tofauti, ambamo neno linafanya kazi yake bila kuelezwa. Apricity, joto la jua siku ya baridi, huanguka hapo. Henry Cockeram aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1623, na nje ya kamusi na orodha ni shida kulipata. Lihifadhi, lakini ujue umeokota ganda.

Angalia pia alama za kamusi. Merriam-Webster wakiandika obsolete, wana maana hakuna ushahidi wa matumizi tangu 1755. Wakiandika archaic, neno lingali linaibuka mara mojamoja, na hilo unaweza kulitumia ukaeleweka.

Weka kadi za inchi 3 kwa 5, neno moja kwa kadi. Juu neno na silabi inayokazwa. Chini yake mwaka, lugha lilikotoka, sentensi moja ya mwandishi halisi, na mwisho neno la Kiswahili. Matano kwa wiki yatosha. Ukizidisha utakuwa unakusanya karatasi.

Jihadhari na maneno yenye sura ya kudanganya. Noisome halihusiani na noise hata kidogo. Ni kitu kinachonuka hadi kinakera. Ukiisifu soko yetu kwa neno hilo ukidhani umesema imechangamka, umeitukana. Enervate husikika kama kutia nguvu, kumbe ni kuzimaliza. Na katika uandishi, neno adimu moja kwa ukurasa, tena sentensi inayolizunguka ilibebe, msomaji afahamu bila kukimbilia kamusi.

Kadi ya kuanzia? Moonglade, ile njia ya mwanga ambayo mwezi huitandika juu ya maji. Usiku wa mwezi kumi na nne hutoka ukingo wa kisiwa cha Manda hadi kwenye ngazi za gati, na maji ya bamvua yanayofuata hupanda juu ukutani. Wiki moja baadaye maji huwa mafu, yanajongea kwa uvivu, na hapo itoe kadi ya neap: lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, likiandikwa nepflod, na wataalamu wa lugha hawajaafikiana hadi leo lilikotoka.