Zuhura: hesabu inasema barafu, ardhi ni tanuri

Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Jua, lakini bingwa wa joto ni Zuhura: nyuzi 464 za Selsiasi, usiku na mchana, joto la kuyeyusha metali ya risasi. Anayedhani umbali unaamua kila kitu na achukue kikokotoo cha simu.

Tuanze na Dunia, ambayo jibu lake tunalijua. Mwanga wa Jua hutufikia ukiwa na wati 1361 kwa mita ya mraba. Gawa kwa 4, kwa sababu sayari huukinga mwanga kama duara lakini hupoteza joto kama tufe, lenye eneo mara nne. (Hapa wengi huteleza. Usipogawa, Dunia inatoka na nyuzi 87!) Inabaki 340. Mawingu, theluji na mchanga hurudisha angani asilimia 30, kwa hiyo kinachofyonzwa ni wati 238. Gawa kwa 0.0000000567 (namba isiyobadilika inayounganisha mionzi na joto), kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili: 255. Hizo ni kelvini. Toa 273 kupata Selsiasi: −18. Wastani halisi ni 15.

Zuhura hupata wati 2601, ila mawingu yake ya asidi ya salfuriki hurudisha kama asilimia 76. Ukigawa tena kwa 4, kinachofyonzwa ni 156, pungufu kuliko Dunia! Jibu: −44.

Hesabu haijakosea. Imetaja joto la pale ambapo mionzi ya joto hupata upenyo wa kutorokea angani, si la ardhini. Hewa ya Zuhura ina asilimia 96 ya kaboni dayoksaidi, gesi inayozuia mionzi hiyo, na kanieneo (mgandamizo wa hewa) mara 92 ya yetu, kwa hiyo upenyo huo uko juu mawinguni, kama kilomita 70. Kutoka hapo, kila kilomita unayoshuka huongeza nyuzi 7 na ushee. Kwetu upenyo uko kilomita 5 hivi, na kila kilomita ni nyuzi 6.5, aliyeshuka Kilimanjaro hadi Moshi anaijua tofauti hiyo mwilini.

Ila usiangalie asilimia peke yake. Mirihi nayo ina kaboni dayoksaidi asilimia 95, na bado wastani wake ni kama −60. Kanieneo chake hakifiki hata asilimia 1 ya chetu: ni kujifunika chandarua usiku wa baridi. Utaridi hata chandarua haina, mchana 430, usiku −180.