Nakula, Dau la Kwanza

Usiku huu nimerudia Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu wenye vitabu 18, na nimekwama tena pale pale, kwenye jina la Nakula.

Katika kitabu cha pili, Mfalme Yudhishthira, anayesifiwa kwa uadilifu, anacheza dadu na Shakuni, bingwa wa hila. Mali ikiisha na ufalme ukimponyoka, anaanza kuwaweka dau ndugu zake: kwanza Nakula, kisha Sahadeva pacha wake, wana wa Madri, mke mwenza wa Kunti aliyemzaa Yudhishthira. Shakuni anamchoma kwa neno, kwamba Bhima na Arjuna, aliozaliwa nao tumbo moja, yaonekana anawapenda zaidi. Yudhishthira anahamaki, kisha anawapoteza hao pia, anajipoteza mwenyewe, na mwisho mkewe Draupadi, ambaye anaburutwa kwa nywele hadi barazani na kuuliza: alijipoteza yeye kwanza, au mimi? Wazee wanainamisha vichwa.

Wanaomtetea husema mfalme hakuweza kukataa mwaliko. Sikubaliani nao, ingawa namwelewa. Nilipokuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha upatu, zamu ilipobidi kuahirishwa, niliahirisha ya yule asiyekuwa na ndugu kikaoni.

Wanaachiliwa, lakini dadu inachezwa tena, Yudhishthira anashindwa, na yeye na wenzake wanahukumiwa miaka 12 msituni na mmoja wa kuishi mafichoni. Nadhani kilichomfunza si njaa wala kulala chini, bali kuishi miaka yote hiyo na watu aliowapoteza kwa dadu, huku Draupadi akimlaumu waziwazi.

Miaka 12 ikikaribia kwisha, wanashikwa na kiu. Nakula anapanda mtini, anaona dalili za maji, anatumwa, harudi; na wengine watatu vivyo hivyo. Wamekunywa bila kujibu maswali ya yaksha, mlinzi wa ziwa, na wamelala ukingoni wamekufa. Yudhishthira anaizuia kiu yake, anajibu yote, na anaruhusiwa kuchagua mmoja afufuliwe. Vita vinanukia, na nguvu za Bhima na upinde wa Arjuna ndivyo tegemeo lake. Anamtaja Nakula: Kunti anaye mimi, anasema, basi Madri naye abakiwe na mwana. Yaksha anaridhika na kuwafufua wote wanne.

Nikaweka kidole kwenye ukurasa huo wa ziwa, nikafunua nyuma hadi kwenye ule wa dadu, kuhakikisha kwamba jina la kwanza ni lile lile.