Goti limerudi, na mimi nimerudi na faili

Wale mnaonicheka siku hizi kwamba nimekuwa bosi, Magomeni ya hapa Mtwara mpaka sokoni tu napanda bajaji, jamani ni goti. Goti lile lile la korosho.

Kwa wasiojua, Novemba 2021 msimu umechanganya, malori foleni mpaka barabarani, mimi niko ghalani nasimamia kupanga mzigo, rundo likateleza magunia mawili yakanishukia mguu wa kulia, na gunia la korosho unalijua lilivyo, kilo 80 hizo. Mfupa wa chini ya goti ukapata ufa ulioingia mpaka kwenye kiungo. Nikatibiwa, tajiri akajaza fomu za WCF, yaani ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kipindi niko nyumbani nikawa napata asilimia 70 ya mshahara, mwisho wakanifanyia tathmini, ulemavu wa kudumu asilimia 12. Haujazidi 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi ndo unaingia pensheni ya kila mwezi. Nikachukua changu, nikaezeka kibanda Mikindani, nikajua yameisha.

Masika ya mwaka jana likaanza kukwama. Nainuka kwenye jamvi halinyooki, usiku limevimba kama boga. Sasa hapa ndo ujinga wangu ulipo, karibu mwaka mzima nameza vidonge vya duka la dawa na jioni mama Zuhura ananikanda na mafuta ya nazi na majani ya bibi yake wa Newala (yanasaidia, sitanii, ila bibi haandiki cheti). Hospitali sikukanyaga. Kwa hiyo mwaka mzima wa maumivu hauna karatasi hata moja.

Nilipokwenda kazini nikaambiwa wewe ulishalipwa, faili limefungwa. Nikarudi mdogo. Jamaa wa chama cha wafanyakazi ndo akanishtua, akasema mzee usiombe fidia mpya, omba wapitie ile ya zamani kwa sababu hali imezidi, sheria inaruhusu, chukua namba ya dai lako na ile barua ya asilimia 12, halafu tafuta ripoti ya daktari wa mifupa. Na ripoti isiseme goti linauma basi, hilo hata mimi nalijua, iseme limeharibika nini na kwamba chanzo ni ile ajali.

Daktari swali lake la kwanza: tangu hapo hujaanguka tena? Nikanyamaza. Maana 2023 niliteleza shambani nikiokota mabibo, nikakaa chini kama mtoto. Nikamwambia. Mama Zuhura nje alininunia, eti nani alikutuma useme, si WCF watarukia humo humo wakunyime! Lakini nilijiuliza, nikificha leo wakajua kesho, hata yale ya kweli nani ataniamini?

Kilichoniokoa ni filamu ya eksirei ya 2021, ilikuwa chini ya godoro miaka yote hiyo. Daktari akapiga mpya, magoti yote mawili nimesimama, akazipanga kwenye taa. La kushoto nafasi kati ya mifupa ipo vizuri. La kulia nafasi imekwisha, na imekwisha pale pale ulipokuwa ufa. Akasema ufa ukiingia kwenye kiungo gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inaanza kulika taratibu, unaweza ukakaa miaka unatembea vizuri halafu ndo ije. Ingekuwa uzee, akasema, na la kushoto lingelalamika walau kidogo. Akaandika vyote, na kule kuanguka shambani akakuandika.

Akanipa rufaa Dar kwa vipimo zaidi. Kilomita zaidi ya 500 umekunja goti kwenye siti ya basi, adui yangu nisimtakie. Nangurukuru nilishuka nikawa nazunguka basi kama kuku, konda anapiga honi, mzee tunakuacha. Kufika daraja la Mkapa mguu siuhisi tena, nikashukuru.

Maombi nimeshapeleka, nasubiri kuitwa kwenye tathmini upya. Asilimia inaweza ikapanda au ikabaki pale pale, sijajenga nyumba kichwani safari hii. Filamu haikai tena chini ya godoro, mama Zuhura kaifungia kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ufunguo anao yeye.