Mkanda wa taiming wa Forester yangu: kumbukumbu za uamuzi wa kuubadilisha

Jumamosi, 8 Machi 2025. Kilomita 127,460

Naanza kumbukumbu hii kwa swali moja: je, mkanda wa taiming (mkanda wa mpira wenye meno unaoendesha kamshafti) ulio ndani ya Subaru Forester yangu ndio uliotoka nao kiwandani mwaka 2009, au uliwahi kubadilishwa? Aliyeniuzia gari, ambaye ndiye aliyeliagiza kutoka Japani mwaka 2016, aliniambia kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanywa, lakini hana risiti, hakumbuki mwaka, na gereji aliyoitaja ilishafungwa. Kama ingekuwa betri au shoku, ningeridhika na maneno yake. Kwa mkanda huu siwezi, maana katika injini yake ya EJ20 yenye kamshafti nne, yaani fimbo zinazofungua valvu, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaoilinda zamu hiyo. Ukikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama, pistoni huendelea kupanda, na valvu zilizokuwa wazi hupindwa. Valvu zenyewe ni 16, na kuzifikia ni kufungua silinda hedi mbili, moja kila ubavu. Kwa injini iliyolala namna hii mafundi wengi huanza kwa kuitoa yote nje. Wenye Forester zisizo na turbo zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2010 hawana shida hii, kwa kuwa injini ya FB20 waliyopewa hutumia mnyororo.

Leo nimepekua karatasi. Nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje inaonyesha kilomita 81,400. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ndogo ya kubadilisha oili iliyoandikwa 28.6 na kilomita 80,900. Nilidhani ni tarehe 28 Juni ya mwaka usiotajwa, hadi nilipokumbuka kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao: mwaka wa 28 wa Heisei ni 1988 ukijumlisha 28, yaani 2016, na 6 ni mwezi Juni. Stika na cheti vinakubaliana, kwa hiyo kilomita za dashibodi hazikuchezewa kabla ya gari kupanda meli. Zaidi ya hapo, gari lililotoka Japani likiwa na kilomita 81,400 halikuwa limefika 100,000, ambazo ndizo kipimo cha huko cha kubadilisha mkanda. Nadhani basi kwamba halikubadilishiwa kule. Ikiwa kuna aliyeubadilisha, alikuwa hapa Nairobi.

Jumapili, 9 Machi

Jirani yangu, ambaye pia ana Subaru, alinitia moyo kwamba Marekani mkanda wa injini za EJ hupewa maili 105,000, kama kilomita 169,000, na kwamba bado nina safari ndefu. Hesabu yake ya maili ni sahihi kwa injini ya EJ ya lita 2.5 iliyouzwa kule, ila aliacha nusu ya pili ya agizo lenyewe: maili 105,000 au miezi 105, lolote litakalotangulia. Miezi 105 ni miaka minane na miezi tisa. Ikiwa mkanda wangu ni wa kiwandani, una takriban miaka 16, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Kuna jambo jingine ambalo wala kipimo cha Japani wala cha Marekani hakilioni, nalo ni msongamano wetu. Wiki iliyopita niliandika safari zangu za asubuhi kutoka Kahawa Sukari hadi Industrial Area: kilomita 21, dakika 84, yaani wastani wa kilomita 15 kwa saa, sehemu kubwa ya muda ikiishia Muthaiga na Pangani. Kwa kutazama sindano ya mizunguko, nakadiria kwamba injini huzunguka kama mara 1,200 kwa dakika katika safari hiyo, yaani mara 72,000 kwa saa, ambazo ukizigawa kwa 15 unapata mizunguko 4,800 kwa kila kilomita. Nikiwa njiani kwenda Nakuru kwa kilomita 100 kwa saa, sindano husimama karibu na 2,600, ambayo ni mizunguko 1,560 kwa kilomita. Kilomita moja ya foleni, basi, inauzungusha mkanda karibu mara tatu ya kilomita moja ya barabara wazi, huku boneti ikiwa moto na upepo haupiti. Kilomita 46,000 ambazo gari hili limetembea tangu lije Kenya si 46,000 za kule zilikoandikiwa kanuni. Naliona hili kuwa zito kuliko yote niliyoyasikia juu ya mikanda, na sijui kwa nini hatulizungumzi gereji.

Jumamosi, 15 Machi. Kilomita 127,790

Nimemwita fundi ninayemwamini, naye alikubali tufungue tu mfuniko wa kushoto kabla ya kununua chochote. Boliti zake hufunguliwa kwa spana namba 10. Mbili zilikuwa na rangi na vumbi lilelile la miaka, bila mkwaruzo wa spana kwenye pembe zake, na hapo tayari nilianza kuyatilia shaka maneno ya muuzaji.

Mkanda wenyewe, kwa kuutazama haraka, ulikuwa mzuri. Haukuwa na nyufa wala jino lililokatika. Nilitaka kufurahi. Fundi akaukunja kidogo kati ya vidole, akanionyesha mgongo wake uliokuwa laini na unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, kisha akapitisha kidole chini ya puli ya kamshafti na kukitoa kikiwa cheusi kwa oili. "Mwalimu, huu usiuamini," alisema. Sili ya kamshafti inavuja, na oili huulegeza mpira na kuudhoofisha pale meno yanaposhikana na kamba za ndani. Alinieleza pia kwamba mikanda ya siku hizi, iliyotengenezwa kwa mpira mgumu zaidi wa nitraili, haipasuki wazi kama ile ya zamani, hivyo kutoona nyufa hakuthibitishi lolote.

Nimeamua. Gari halitaendeshwa hadi kazi ifanyike, na nitapanda matatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimenunua vipuri Kirinyaga Road. Duka la kwanza lilinipa mkanda peke yake, ukiwa umefungwa kwa karatasi ya nailoni, bila namba yoyote, niliurudisha. Duka la tatu lilikuwa na seti kamili katika boksi lenye muhuri: mkanda, tenshona inayoukaza, puli zote na pampu ya maji. Nimelipa shilingi 27,500, nikaongeza sili za kamshafti na ya krankshafti, fimbo kuu inayozungushwa na pistoni. Pampu katika injini hii huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ikikwama huuharibu hata mkanda mpya.

Jumamosi, 29 Machi. Kilomita 127,790

Tulianza saa mbili asubuhi na tukamaliza saa kumi jioni. Rejeta ilitolewa ili kupata nafasi. Puli moja ya zamani, nilipoizungusha kwa kidole, ilitoa mlio mkavu kama mchanga ndani ya kopo. Mpya ilizunguka polepole na kimya, grisi ikiizuia. Puli ile ingeweza kuumaliza mkanda wowote.

Penye hatari ni alama za kupangia mkanda. Puli ya krankshafti ina mshale unaoonekana wazi kwa mbele, nao si wa kazi hii. Alama ya kweli ni mstari mdogo ulio nyuma, kwenye ukingo wa meno, unaopaswa kusimama juu kabisa. Kamshafti za kushoto hubanwa na springi za valvu na zinaweza kuruka ghafla, hivyo fundi alizishika kwa spana muda wote. Tenshona mpya ilikuja ikiwa imebanwa na pini yake, lakini alinionyesha kwa ile ya zamani jinsi ya kuibana: wima ndani ya jiliwa, taratibu, si chini ya dakika tatu, kamwe si kwa nyundo.

Pini ilipotolewa tuliizungusha krankshafti kwa mkono raundi mbili kamili. Alama za puli zilirudi mahali pake. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda haikurudi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu idadi ya meno ya mkanda hailingani na raundi hizo.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Nimeandika kwa kalamu ya rangi juu ya mfuniko: 29.3.2025, km 127,790. Chini yake nimeandika kipimo changu cha Nairobi, kilomita 60,000 au miaka mitano.