Mjumbe bila kadi, mgombea kwa kadi

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haimuulizi kadi ya chama, wala kama anaamini Ujamaa wa Azimio la Arusha au soko huria. Na ujumbe huo una meno, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia.

Kwa vitendo, nguvu hiyo huvuja. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mtendaji alisoma mapato na matumizi kwa kasi ya mtu anayewahi basi, na mama mmoja alipouliza ushuru wa mnada umekwenda wapi, aliambiwa asubiri kipengele cha mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo, nusu ya wajumbe walikuwa wameshaondoka. (Yeye alibaki, akauliza tena.)

Sasa mama huyo akitaka kugombea uenyekiti wa kijiji, au hata wa kitongoji tu, atatakiwa kwanza awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga hali hiyo katika ngazi ya ubunge na urais: Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba ili zuio la mgombea asiye na chama libaki, Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa zuio hilo linakiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake.

Watetezi wa utaratibu uliopo husema chama humpa mpiga kura itikadi ya kupimia ahadi za mgombea, na kwa ubunge hoja hiyo ina uzito. Kwenye kitongoji siioni, maana wapiga kura wa huko wanamfahamu mgombea tangu alipokuwa akichunga mbuzi, na wanachotaka kujua ni kama atasoma hesabu za ushuru wa mnada kabla watu hawajaondoka.