Nimerudi Malindi, na kusi imeshika

Miaka yote niliyofanya kazi ya hoteli kule Newquay, Uingereza, nilichokikosa zaidi ni kusi ya Malindi, msimu wa upepo wa kusini. Newquay ni mji wa watu wanaoteleza juu ya mawimbi. Kuna shule za mchezo huo, na watoto wadogo huingia baharini wamevaa suti za mpira kwa sababu ya baridi. Huko ndiko nilikojifunza kusimama juu ya ubao, na kila nikisubiri wimbi nilijiuliza: kwetu maji ni vuguvugu mwaka mzima, mbona mchezo huu hauna wenyewe?

Nimefika Julai, wakati wake hasa. Asubuhi kabla upepo haujakaza, mawimbi huingia ghubani kwa mistari mirefu, yakiumuka taratibu mpaka yavunjike juu ya mchanga. Mengi ni ya kiunoni au kifuani, na yanakubeba mbali. Mchana upepo unayavuruga, bahari yote inakuwa povu. Ni asubuhi au basi.

Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe, mawimbi yanaishia huko nje. Mbele ya ghuba ya Malindi mwamba haupo, kwa sababu ya mto Sabaki. Mto huu unaanza bara kwa jina la Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na unafika kwetu mwekundu kwa udongo. Matumbawe hayastawi kwenye tope. Mchanga wake nao umejaa ufuoni hata hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa ziko mbali nayo. Wenye hoteli wanalalamika, na nawaelewa, lakini mchanga huo ndio unaomfaa anayejifunza: akianguka hachanwi na jiwe. (Mlangoni mwa mto kwenyewe msiende. Kuna viboko.)

Mjomba wangu ni mvuvi. Nilipomwamkia ufuoni nikiwa na ubao, aliitikia marahaba, kisha akanyoosha kidole baharini. "Unaona pale maji yametulia, kushoto na kulia yanavunjika? Mgeni atadhani ndipo pa kuogelea. Mkondo unatokea pale kwenda nje, mwanangu. Sisi ndipo tunapotolea mashua." Newquay nililipia somo hilo hilo.

Na watoto wanajua kuliko tunavyowadhania. Juzi nilimwona binti amefunga leso kiunoni, ana bao lililong'oka kwenye mashua mbovu. Aliliacha povu la kwanza limpite, la pili pia, akalirukia la tatu kwa kifua, likamleta mpaka tumbo likagusa mchanga. Hakuna aliyemfundisha.

Kusi ni msimu ambao wageni ni wachache na vyombo vidogo vingi havitoki. Ufuo unabaki mtupu wakati mawimbi ni mazuri kuliko mwezi wowote, na vijana wamekaa bila kazi. Nataka wao wawe wa kwanza kuyajua mawimbi haya, wawe walimu kabla hajaja mtu wa mbali kuwauzia bahari yao.

Nimeanza na watoto wa mtaani kwetu ambao wazazi wao wameridhia, siku za maji mafu tu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, kwani siku za bamvua, inapojaa na kupwa sana, mkondo unavuta. Tunapokezana ubao wangu. Mwenye ubao wa zamani uliolala stoo, Mombasa au Nairobi, aulete kabla kusi haijaisha.