Siku ya 12 na hogo mguuni: siku moja na Bwana Mdogo

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha jiko nashika vidole vya mguu wa mwanangu. Vinachungulia vyote vitano mwisho wa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, vina joto lake. Nabonyeza ukucha wa kidole gumba, unakuwa mweupe, naachia, wekundu unarudi kabla sijamaliza Bismillahi. Alhamdulillahi. Vingekuwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, au mtoto analia habembelezeki, nisingengoja kupambazuke. Hospitali moja kwa moja.

Ana miaka 2 na miezi 3. Siku ile alikuwa amepakiwa nyuma kwenye keria ya baiskeli ya baba yake, wanatoka kununua mkate. Tanga hapa wengi wetu tumekulia juu ya keria, hakuna aliyewaza. Mguu ukaingia kwenye spoku. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi, akafungwa hogo mpaka juu ya goti. Wiki 4, daktari akasema, na asiukanyagie.

Saa 1 asubuhi, kuoga. Namlaza kwenye mkeka namfuta kwa kitambaa, mguu uko pembeni kabisa na beseni. Hogo likinyonya maji linalegea, na likilegea halishiki mfupa. Siku 2 za mwanzo, lilipokuwa bado bichi, tulikuwa tunalibeba kwa viganja tu, maana ncha za vidole zinaacha mabonde yanayomkandamiza kwa ndani.

Saa 3 nakaa kwenye cherehani, barazani, huku Ngamiani kwenye barabara zetu za namba. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukataza. Kaa. Tulia. Usishuke. Alilia mpaka sauti ikamkauka na mimi sikumaliza hata gauni moja. Mtoto wa umri huu ukimwambia "mpaka upone" umemwambia nini? Hajui kesho ni nini. Lakini "niletee" anaijua vizuri sana. Kwa hiyo sasa namtuma. "Bwana Mdogo, niletee chekundu." Anajikokota kwa makalio, hogo linakwaruza saruji, kruu, kruu, anachagua kipande cha kitambaa kwenye kapu na kuniletea huku amenyanyua kidevu. Kisigino cha hogo nimekivalisha jinzi niliyoikunja mara mbili lisilike. Juu pajani nimemshonea kifuniko chenye lastiki, kwa sababu wiki iliyopita alitumbukiza kifungo cha shati ndani. Sikukichokonoa. Tulirudi hospitali wakakitoa wao. Vifungo vyote sasa viko juu ya kabati.

Saa 5 jua limekaza na anawashwa. Hapa ndipo roho inaniuma. Anapiga hogo kwa ngumi, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemvalisha. Mama mkwe, aliyetoka Pangani kuja kutusaidia, alikuwa anasuka ukili wake. Akachomoa mwaa mmoja.

"Mwanangu, muonee huruma mtoto. Huu laini, namkuna kidogo tu."

"Mama, nisamehe. Ukimchubua kule ndani kidonda hatutakiona."

Alinyamaza. Nikaogopa nimemvunjia heshima. Kisha akachukua upepeo, akaanza kumpepea pale juu ya paja, huku anamgongea hogo polepole kwa kidole kama anayepiga kidufu, na kumwimbia. Mtoto akatulia. Mimi siku zote 12 sikuwa nimewaza kumwimbia.

Saa 7 wali na mchicha, kisha usingizi, mguu juu ya mto.

Saa 10 ndiyo saa ngumu. Watoto wa mtaa wanatoka na mpira. Mgongoni habebeki, hogo limenyooka kama mchi, kwa hiyo nampakata barazani aone. Leo aliangalia kidogo, akanigeukia, akaficha uso kifuani kwangu. Sikuwa na la kumtuma wala la kumwimbia. Tukakaa hivyo mpaka mpira ulipoisha, na gauni la mteja likalala.

Saa 12 jioni baba yake akarudi anaikokota baiskeli. Tangu siku ile haipandi akiwa karibu na nyumba. Anaiegemeza ukutani, ananawa, ndipo anamshika mtoto. Leo alikuja na dumu kuukuu la mafuta. Akalipasua, akakata vipande 2 vya nusu duara, akavifunga kwa waya pande zote za gurudumu la nyuma, spoku zikafichika. Bwana Mdogo alikaa chini karibu yake, ameshikilia koleo kwa mikono miwili, na kila baba yake akinyoosha mkono anampa. Mara akainyooshea mkono kengele ya baiskeli. Baba yake alisita, kisha akamnyanyua. Akaipiga, akaipiga tena.

Saa 2 usiku bado walikuwa wanakaza waya kwa mwanga wa simu. Jirani yetu, ambaye wanawe wawili hupakiwa kwenye keria kila asubuhi kwenda chekechea, alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, hayo madumu yanauzwa wapi?"